Fundi Anajibu: Kunasa Sauti Safi ya Intakomu ya Ndege kwenye Kamera ya Video

SWALI: Fundi, pokea salamu zangu kutoka Ukonga. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na, msimu wa wageni ukifika, video za matembezi. Hivi karibuni nilikodiwa kurekodi safari ya familia moja iliyopanda Cessna 206 kutoka Jengo la Kwanza la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere kwenda Mafia. Walitaka maelezo ya rubani, aliyekuwa akiwaonyesha delta ya Rufiji kutoka juu, yasikike kwenye video kama walivyoyasikia wao kwenye hedseti. Wakati wa kwenda, maikrofoni ya kamera haikunasa chochote isipokuwa ngurumo ya injini. Wakati wa kurudi nikaunganisha waya kutoka tundu la hedseti la kiti cha nyuma hadi tundu la maikrofoni la kamera. Maneno yaliingia, lakini yamepasuka kiasi kwamba hata mimi niliyekuwepo siyaelewi. Kamera ni nzima, kwa maana harusini hainisumbui. Kosa liko wapi?
Msomaji, Ukonga

JIBU: Ndugu yangu wa Ukonga, kamera yako haina kosa, na intakomu ya ndege ile, yaani mfumo unaowawezesha waliovaa hedseti kuongea na kusikilizana, nayo haina kosa. Umeunganisha vitu viwili ambavyo kila kimoja ni kizima kikiwa kwake, lakini havikuumbwa vikutane ana kwa ana. Tundu la maikrofoni la kamera hutarajia umeme mdogo mno wa sauti, wa milivolti chache au makumi machache tu, kwa sababu ndio kiasi ambacho maikrofoni hutoa. Tundu la hedseti ndani ya ndege, kwa upande wake, hutoa umeme wa kutosha kuzisukuma spika mbili za masikioni, na rubani anapopaza sauti unaweza kufikia volti moja hivi. Tofauti hiyo ni kama mara mia moja, yaani desibeli 40. Ulichofanya ni kama kufungulia mpira wa zimamoto ndani ya kikombe cha kahawa.

Huenda ulijaribu kushusha kiwango cha kurekodi kwenye menyu ya kamera usione nafuu, na hilo ndilo huwachanganya wengi. Katika kamera nyingi, kiwango unachokishusha kwenye menyu huja baada ya kikuza sauti cha kwanza, na sauti yako ilikuwa imeshapasukia pale. Ukishusha baadaye unapata sauti iliyopasuka inayosikika kwa chini. Vilele vya mawimbi vimekwishakatwa, na hakuna programu ya kompyuta itakayovirudisha kama vilivyokuwa, hata muuzaji wa programu hiyo akuahidi nini. Kwa hiyo, dawa lazima ikae kabla ya kamera: unahitaji kipunguzi ndani ya waya wenyewe.

Kipunguzi hicho unaweza kukitengeneza kwa rezista mbili na kapasita moja, vitu ambavyo Kariakoo hupimwa kwa kiganja. Chukua rezista ya omu 10,000, ambayo mistari yake ni kahawia, nyeusi, na rangi ya chungwa, na nyingine ya omu 100, ambayo mistari yake ni kahawia, nyeusi, kahawia. Angalia vizuri mstari wa tatu, kwa sababu chini ya taa hafifu ya dukani chungwa na kahawia hufanana, na ukizibadilisha mahali hutapata upungufu wowote wa maana. Ile kubwa inakaa kwenye njia ya sauti inayotoka kwenye ndege. Mwisho wake unaoelekea kamera unaungwa na ile ndogo, ambayo mguu wake wa pili unakwenda kwenye waya wa ardhi, yaani ule wa kurudishia umeme. Sauti ya volti moja ikiingia, kwenye makutano ya rezista hizo utapata milivolti 10 hivi, kiasi ambacho kamera yako inakifahamu.

Kutoka kwenye makutano hayo weka kapasita ya mikrofaradi 10 kabla ya kufika kwenye plagi ya kamera. Sababu yake ni kwamba kamera nyingi hutoa umeme wa volti chache kupitia tundu la maikrofoni ili kulisha maikrofoni ndogo za kubana kwenye nguo, na umeme huo haupaswi kukutana na saketi yako. Kapasita hupitisha sauti na kuzuia umeme huo tulivu. Kama ni ya aina yenye chanya na hasi, upande wa chanya uelekee kamera. Mwishoni, plagi ya kamera ni ya milimita 3.5 na ya stirio: unganisha ncha yake na pete yake pamoja, vinginevyo mteja wako atamsikia rubani kwa sikio la kushoto peke yake.

Viungo hivi vikae upande wa kamera, si upande wa ndege. Waya wa mita mbili unaopita kati ya viti huokota takataka za umeme njiani, na kipunguzi kikiwa mwisho wa safari kinazipunguza takataka hizo pamoja na sauti. Hata hivyo, mimi huongeza rezista moja ya omu 470 ndani ya plagi ya upande wa ndege. Haibadilishi chochote katika sauti, lakini waya ukikanyagwa na mguu wa kiti nyaya zake zikagusana, intakomu itaona mzigo kama wa hedseti nyingine tu, wala haitanyamaza. Ndani ya ndege sauti ya intakomu ni chombo cha kazi cha rubani, na burudani ya abiria huja baadaye. Ndiyo maana waya wowote unaouchomeka, hata ukiwa salama namna gani, unaanza na ruhusa yake.

Sasa kuhusu matundu yenyewe. Hedseti ya ndege ndogo ina plagi mbili. Iliyo nene, ya milimita 6.35, ni ya masikioni, na hiyo ndiyo inayokuhusu. Nyembamba kidogo, ya milimita 5.23, ni ya maikrofoni, na sitaki uiguse. Ina umeme wake kutoka kwenye ndege kwa ajili ya kuilisha maikrofoni, na ncha yake ndiyo njia ya kitufe cha kurushia sauti redioni. Ncha hiyo ikigusana na ardhi, katika kiti ambacho njia hiyo imeunganishwa, redio ya ndege huanza kurusha, na mnara mzima wa kuongozea ndege utakaa ukisikiliza pumzi zenu huku wengine wakishindwa kuongea. Tafuta kigawanyo cha matawi mawili cha plagi ya milimita 6.35: tawi moja liwe la hedseti ya abiria, jingine liwe la waya wako.

Kigawanyo hicho na plagi yako viwe vya stirio, hata kama wewe unahitaji upande mmoja tu. Nalisema hili kwa sababu lilinipata. Miaka kadhaa iliyopita nilichomeka plagi ya mono kwenye ndege yenye intakomu ya stirio, tukiwa bado tumesimama uwanjani tukisubiri zamu ya kuruka. Rubani akageuka, akagusa sikio lake la kulia mara mbili, akanitazama. Plagi ya mono ina chuma kirefu mahali ambapo ya stirio ina pete, na chuma hicho kilikuwa kimeuunganisha upande wa kulia na ardhi kwa ndege nzima. Nilichomoa nikanyamaza hadi tulipotua. Plagi ya stirio ambayo pete yake haijaunganishwa popote haina madhara hayo.

Kabla hujafika uwanjani, ujaribu waya huo nyumbani kwa redio au simu yenye tundu la spika za masikioni. Weka kamera kwenye kiwango cha mkono, maana ule urekebishaji wa kujiendesha ndio adui wa kazi hii: rubani akinyamaza, kamera hujipandisha yenyewe ikitafuta sauti, inaujaza ukimya kwa mvumo, na neno lake la kwanza likija linalipuka. Panga kiwango ili sauti kubwa zifike karibu desibeli 12 chini ya kilele, kwa sababu angani watu huongea kwa nguvu kuliko walipokuwa wakijaribu chini.

Kuna jambo moja ambalo waya hauwezi kulitibu, nalo ni sauti iliyo mbaya tangu kwenye chanzo. Ndani ya Cessna yenye injini ya pistoni kelele hufika desibeli 90 na zaidi. Maikrofoni za hedseti zimetengenezwa kuikataa kelele ya mbali na kupokea sauti iliyo karibu kabisa, lakini abiria huzisukuma hadi kidevuni kwa sababu zinawakera. Ikiwa kidevuni, maikrofoni inaisikia injini kama inavyomsikia mtu. Waombe wote waisogeze hadi iwe karibu kuigusa midomo, pembeni kidogo ya pumzi, na kila moja iwe na kifuniko chake cha sponji. Kisha mwombe rubani aipange skwelchi ya intakomu, yaani kile kitasa kinachoamua ni sauti ya ukubwa gani inayofungua maikrofoni. Ikiwa legevu mno, maikrofoni zote sita zinabaki wazi na kila moja inamimina kelele ileile kwenye waya wako. Ikibana mno, inakata silabi ya kwanza ya kila sentensi, na “karibuni” inakuwa “ribuni”.

Kitasa kidogo kilicho kwenye waya wa hedseti yako kinabadilisha unachosikia wewe tu, hakigusi kinachokwenda kwenye kamera. Kinachoigusa kamera ni kile cha sauti kilicho kwenye paneli ya intakomu. Kwa hiyo usiamini masikio yako yaliyo ndani ya hedseti ya ndege. Chomeka spika ndogo za masikioni kwenye kamera yenyewe na usikilize kutoka huko, japo kwa nusu dakika kabla ya kuruka.

SWALI: Mimi nina waya ulio na kipunguzi tayari, niliutoa kwa rafiki aliyerudi kutoka masomoni. Maneno yanasikika vizuri, ila nyuma yake kuna mluzi mwembamba ambao rubani akiongeza moto wa injini unapanda, akipunguza unashuka. Kamera huwa naichaji kwenye soketi ya ndege ili betri isiishe njiani.
Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Umejijibu katika sentensi yako ya mwisho. Mluzi unaofuata mzunguko wa injini hutoka kwenye alteneta, na umepata njia ya kuingia kwa sababu kamera yako sasa imeunganishwa na ndege mara mbili: kupitia waya wa chaja na kupitia ardhi ya waya wa sauti. Njia hizo mbili hufanya kitanzi, na mkondo mdogo unaozunguka humo ndio unaousikia ukiimba. Chomoa chaja, na katika hali nyingi mluzi utakufa papo hapo. Nenda na betri za akiba. Safari ya Unguja ni ya dakika 20 hivi, na hata ya Mafia haifiki saa moja, kwa hiyo betri nzima inakutosha.

Tahadhari nyingine kuhusu chaja hiyo: ndege nyingi ndogo hutumia umeme wa volti 28, si 14 kama gari dogo. Chaja ya gari isiyoandikwa kwamba inavumilia volti 24 na zaidi inaweza kuungua mkononi mwako, na moshi ndani ya ndege si jambo la kujaribu.

Ikiwa ni lazima uchaji, weka transfoma ya sauti ya uwiano wa moja kwa moja katikati ya njia. Sauti hupita kwa sumaku bila nyaya za pande mbili kugusana, na kitanzi kinakatika. Mafundi wa redio za magari pale Kariakoo huuza kisanduku kidogo cha kuondoa mluzi wa gari, na ndani yake hamna kingine zaidi ya transfoma hizo. Kiweke kabla ya kipunguzi, mahali ambapo sauti bado ina nguvu, kwa sababu ukikiweka baada yake transfoma itaokota mvumo mwingine na kuuchanganya na milivolti zako chache.

Na kama umechomoa chaja mluzi ukabaki, vaa hedseti ya ndege usikilize kwa makini. Ukiusikia humo pia, basi umo ndani ya ndege yenyewe. Mwambie rubani, na kazi inayobaki ni ya fundi wa ndege, si yako.

SWALI: Kamera yangu ni ile ndogo ya kubandika kwenye kioo, haina tundu la maikrofoni kabisa. Je, nikae bila sauti?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: La. Tumia kinasa sauti cha mfukoni kinachojitegemea, na uje uiunganishe sauti na picha kwenye kompyuta. Wako wapigaji wenye kamera kubwa wanaopendelea njia hii, na mimi ni mmoja wao, kwa kuwa kinasa sauti kizuri kina tundu linalopokea sauti nzito bila kuhitaji kipunguzi kikali na hakina hila za kujipandisha chenyewe. Kiweke kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, ambacho ndicho kiwango cha video.

Kuoanisha picha na sauti, wengi hupiga kofi mbele ya kamera. Ndani ya ndege kofi halisaidii sana, maana maikrofoni za hedseti zimefundishwa kulipuuza. Badala yake, mwombe abiria mmoja aliye mbele ya kamera aigonge sponji ya maikrofoni yake kwa kidole mara tatu, taratibu. Kidole kitaonekana kwenye picha, na milio ya kugonga itasikika kwenye kinasa sauti kama mlango unaobishwa. Irudie mara moja kabla ya kuanza kushuka, kwa kuwa saa za vyombo viwili haziendi sawasawa kabisa. Kwenye rekodi ndefu utakuta midomo imeanza kutangulia maneno, na milio ya mwisho ya kugonga itakuonyesha umepotea kwa kiasi gani.

Kama rubani hataki waya wowote uchomekwe kwenye ndege yake, naye ana haki hiyo, chukua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, uipachike ndani ya kikombe cha hedseti, kati ya spika na sikio, kisha uiunganishe na kinasa sauti. Itasikia kile ambacho sikio linasikia. Waya wake upite chini ya mto wa kikombe upande wa nyuma ya sikio, mahali ambapo ngozi ni laini na mwanya unabaki mdogo. Miwani yenye mikono minene huharibu kazi hii, kwa sababu mwanya wake huingiza ngurumo. Haitakuwa safi kama ya waya, lakini hakuna saketi ya ndege iliyoguswa, na mtu wa kwanza kulalamika atakuwa mwenye sikio.

SWALI: Rubani anasikika vizuri kwenye video yangu, lakini watu wa mnara wanasikika kama wanaongelea ndani ya kopo. Nifanyeje?
Msomaji, Tabata

JIBU: Hapo hakuna kilichoharibika. Rubani na abiria wanafika kwenye kamera kupitia waya, lakini mnara unafika kwa redio ya masafa kati ya megahezi 118 na 137, na redio hizo hupitisha sehemu ya kati tu ya sauti ya mtu, takriban ile inayopita kwenye simu ya mezani. Besi na zile sauti kali za “s” na “f” ziliachwa upande wa pili, hazikufika kwenye ndege. Kwenye kompyuta, kata kila kilicho chini ya hezi 250 na juu ya hezi 4,000 katika vipande vya mnara peke yake, ili angalau mvumo na mkwaruzo viondoke, na usimguse rubani. Kwa kuwa mazungumzo hayo hufanyika kwa Kiingereza na kwa kasi, mtazamaji wako atakushukuru zaidi ukimwandikia Kiswahili chini ya picha.